Kuta Zinazosema

Neno lililonikwaza nilipojaribu kuwasimulia wanafunzi wangu riwaya ya Fahrenheit 451 lilikuwa neno jepesi kabisa: zimamoto. Nilianza kwa kusema kwamba mhusika mkuu, Guy Montag, ni mzimamoto na kwamba kazi yake ni kuwasha moto, na kabla sijaimaliza sentensi darasa zima lilikuwa limeshaangua kicheko. Kwa Kiingereza mambo si magumu hivyo, kwa sababu jina la kazi ile linamtaja mtu wa moto tu, bila kusema kama anauzima au anauwasha, na mwandishi Mmarekani Ray Bradbury aliuona mwanya huo akapenya. Kiswahili hakina mwanya. Kitenzi kimekaa ndani ya jina, nacho kinamshtaki Montag tangu ukurasa wa kwanza. Msichana mmoja aliyeketi dirishani akasema, "Basi huyo si mzimamoto, Mwalimu, ni mwashamoto," na jina hilo likamganda Montag hadi kipindi kilipokwisha.

Msichana huyo huyo ndiye aliyeniuliza, nikiwa nakusanya vitabu vyangu, kama dunia ya Montag ndiyo hii yetu. Nilimjibu kwa haraka kwamba lile ni onyo tu, jibu ambalo kila mwalimu wa fasihi huwa nalo mfukoni kwa dharura kama hiyo, nikatoka. Jibu lile limenikera tangu siku hiyo, ndiyo maana nimeisoma riwaya yenyewe tena, polepole, na ninaandika haya.

Riwaya ilitoka mwaka 1953. Bradbury, ambaye hakusoma chuo kikuu na aliyependa kusema kwamba maktaba ndizo zilizomsomesha, aliandika rasimu ya kwanza katika chumba cha chini cha maktaba ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, ambako kulikuwa na taipureta za kukodi: unatumbukiza senti 10, unapata nusu saa. Alitumia dola 9.80. Jambo hilo hunipendeza sana, kwamba kitabu kuhusu kuchomwa kwa vitabu kiliandikwa chini ya rafu za vitabu na mtu aliyekuwa akihesabiwa dakika.

Katika dunia aliyoiwaza, nyumba zimejengwa kwa namna isiyoshika moto, kwa hiyo wazimamoto wamepewa kazi nyingine, ya kuchoma vitabu popote vinapopatikana pamoja na nyumba iliyovificha. Montag anaifurahia kazi hiyo mpaka anapokutana na Clarisse, msichana jirani wa miaka 17, anayemuuliza swali la kitoto: una furaha? Anaingia nyumbani akijicheka kwa kuulizwa hivyo, na chumbani anamkuta mkewe, Mildred, amelala macho yameganda darini, vijiredio vidogo masikioni, na chupa ya dawa za usingizi iko tupu sakafuni. Wanaokuja kumwokoa si madaktari. Ni mafundi wawili wenye mashine, wanaomsafisha tumbo na kumbadilishia damu huku wakizungumza kama watu waliokuja kuzibua bomba, na wanamweleza Montag kwamba kesi kama hizo ni tisa au kumi kila usiku, nyingi kiasi kwamba ililazimu mashine maalumu itengenezwe. Asubuhi Mildred hakumbuki lolote. Ana njaa tu.

Nilipoisoma riwaya mara ya kwanza, nikiwa chuoni, ukurasa huo ulinipita kama mlingoti unavyompita abiria wa basi. Niliuona moto peke yake. Nilikuwa nimesoma habari za Berlin, usiku wa tarehe 10 Mei 1933, wanafunzi wa Kinazi walipochoma maelfu ya vitabu uwanjani, na nilikuwa nimelelewa na habari za hapa kwetu. Abdilatif Abdalla, mshairi wa mji huu wa Mombasa, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijaratasi kilichouliza Kenya: Twendapi?, na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia jinsi serikali ya miaka ya 1980 ilivyosikia wanavijiji wakimzungumzia mtu aitwaye Matigari, ikaamuru akamatwe, kisha ilipogundua kwamba ni mhusika wa riwaya ikakikamata kitabu. Kwa msomaji mwenye visa kama hivyo kichwani, Fahrenheit 451 ilikuwa riwaya kuhusu serikali na kiberiti, basi.

Kwa kipimo hicho cha kiberiti, kufanana kwake na leo ni kwa kiasi. Huko Marekani kwenyewe, shirika la PEN America, linalotetea uhuru wa waandishi, lilihesabu zaidi ya visa 10,000 vya vitabu kuondolewa katika shule za umma katika mwaka mmoja wa masomo, 2023 hadi 2024, na hilo si jambo dogo kwa mtoto ambaye maktaba ya shule ndiyo maktaba yake pekee. Hata hivyo, kitabu hicho hicho kinauzwa mtaa wa pili, na marufuku mara nyingine humletea mwandishi wanunuzi ambao asingewapata kwa tangazo lolote. Wazimamoto wa Montag wangeona kazi ya namna hiyo ni ya kitoto.

Safari hii nilisoma nikiwa na simu mezani, na kilichonishika ni kuta. Sebule ya Mildred ina kuta tatu ambazo ni televisheni kutoka sakafuni hadi darini, naye anataka ya nne, ambayo bei yake ni dola 2,000, theluthi moja ya mshahara wa mumewe wa mwaka mzima. Watu wanaozungumza ndani ya kuta hizo anawaita familia yake. Wamelipia dola 100 zaidi kwa kifaa ambacho, kila mtangazaji anapowahutubia watazamaji wake asiowajua, kinapachika jina la Mildred mahali panapostahili, ili ajihisi kwamba anasemeshwa yeye. Yumo hata katika mchezo wa kuigiza: ametumiwa maandishi ya mchezo kwa posta, sehemu moja imeachwa wazi kwa ajili yake, na wakati ukifika wahusika wote wanageuka kumtazama kutoka kuta tatu, naye anasema kwamba anaona ni sawa kabisa. Baada ya hapo mchezo unaendelea kama ambavyo ungeendelea bila yeye.

Ikumbukwe kwamba mwaka 1950 ni takriban nyumba moja katika kumi za Marekani iliyokuwa na televisheni, na kufikia 1955 zilikuwa zaidi ya nusu. Bradbury aliandika katikati ya mbio hizo, akitazama sanduku dogo lenye picha za kijivu, na akaona kifaa kinachomwita mtu kwa jina lake ili kumuuzia upweke wake. Simu yangu huniamkia kila asubuhi kwa jina langu. Hunikumbusha kwamba marafiki zangu wamesema mambo na kwamba wananingoja, na mimi, mtu mzima mwenye mvi, hunyoosha mkono kabla sijaosha uso. Kuhusu bei, watu wengi mtaani kwetu wananunua simu kwa awamu, shilingi kidogo kila siku, na siku wakikosa kulipa simu inajifunga yenyewe mpaka deni lifike. Montag angalau angekuwa mmiliki wa ukuta wake.

Nyumbani tunaishi na binti wa kaka yangu, yuko kidato cha nne. Jioni moja nilimwita mara tatu aje kula, kisha nikaenda mwenyewe hadi mlangoni kwake, nikamkuta ameukabili ukuta, hedifoni masikioni, akicheka na mtu nisiyemwona. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimkemee nilipogundua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na simu mkononi, kidole kikiendelea kupandisha picha juu, na kwamba nilikuwa nimetembea ukumbi mzima bila kuiacha. Akavua hedifoni akasema, "Ami, uliniita?" Nikasema chakula kinapoa. Hatukuongeza neno.

Bradbury mwenyewe alilalamika mwaka 2007 kwamba watu wamekielewa vibaya kitabu chake, kwamba hakikuwa hasa kuhusu serikali kuzuia vitabu bali kuhusu televisheni kuwaondolea watu hamu ya kusoma. Sina hakika kwamba mwandishi ndiye mwamuzi wa mwisho wa maana ya kazi yake, na kurasa za moto haziwezi kufutwa kwa kauli moja ya uzeeni, lakini mtu akimsikiliza Kapteni Beatty, mkuu wa Montag, ataona kwamba malalamiko yale yana msingi ndani ya riwaya. Beatty anamtembelea Montag aliyejifanya mgonjwa, anakaa kando ya kitanda, na kumpa historia ya kazi yao. Anasema jambo hilo halikuanzia serikalini. Watu waliharakishwa na maisha, vitabu vikafupishwa viende na haraka yao, kazi kubwa za fasihi zikakatwa zitoshe dakika 15 za redio, zikakatwa tena zitoshe dakika mbili, mwisho zikawa mistari kumi au kumi na miwili katika kamusi. Kila kundi nalo lililalamika kuhusu ukurasa uliolikera, na ukurasa ukatolewa. Wazimamoto walikuja mwishoni kabisa, kufagia tu.

Hapa ndipo hadithi hii ilipoacha kuwa ya Wamarekani kwangu, kwa sababu mimi nafundisha vitabu teule na ninajua kitu kinachoitwa mwongozo. Kwa asiyesoma Kenya, mwongozo ni kijitabu kinachomweleza mwanafunzi muhtasari wa kila sura, maudhui, sifa za wahusika na maswali ya mtihani pamoja na majibu yake. Kilibuniwa kumsaidia msomaji, na kwa mikono ya mwalimu mwema bado kinasaidia. Lakini niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyepata alama ya juu kabisa katika insha ya riwaya, insha iliyopangwa vizuri, yenye mifano, na nilipomwita kumpongeza nikamuuliza ni tukio lipi lililomgusa, akanitazama kwa adabu akasema, "Mwalimu, riwaya yenyewe sijaifungua. Ni ndefu. Mwongozo una kila kitu." Hakuwa mvivu wala mwongo. Mtihani ulimuuliza yale ambayo mwongozo unayajua, naye akayajibu. Siku hizi hata mwongozo umeanza kuonekana mrefu, kwa kuwa kuna programu unayoweza kuiambia ikupe riwaya nzima kwa aya tatu.

Lazima nikiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita niliandika sehemu ya mwongozo wa namna hiyo kwa malipo, na pesa zile zilinunua mabati. Nilikata sura moja yenye mazungumzo ya kurasa kumi na moja, ambayo nilipokuwa mwanafunzi ilinitoa machozi, nikaifanya sentensi mbili. Zilikuwa sentensi sahihi. Beatty angeniajiri bila hata kuniita kwenye usaili.

Na kama kuna anayedhani kwamba Bradbury alitia chumvi kuhusu makundi na malalamiko yao, yaliyokipata kitabu chake yatosha. Kuanzia 1967 wachapishaji wake walitoa toleo la shule za sekondari ambalo, bila yeye kujua, lilikuwa limebadilishwa katika sehemu zaidi ya 70: matusi mepesi yaliondolewa, mlevi akageuzwa mgonjwa, neno la kutoa mimba likatoweka. Baada ya muda toleo hilo likawa ndilo pekee linalouzwa. Aligundua mwaka 1979 kutokana na barua za wanafunzi walioona kwamba nakala zao hazifanani na za zamani, akadai maneno yake yarudishwe, yakarudishwa. Ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba walioligundua ni wanafunzi. Walikuwa wamesoma kitabu chenyewe, na wameweka nakala mbili bega kwa bega.

Wanafunzi hao wananipeleka mahali ambapo, kwa maoni yangu, riwaya imekosea. Bradbury aliamini kwamba mtu akishakaa mbele ya ukuta unaosema atanyamaza, atakuwa kama Mildred, mwenye sentensi yake moja. Hakuwaza ukuta ambao mtazamaji naye anaweza kuuandika. Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya waliupata Mswada wa Fedha, waraka mkavu usiosomeka ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukipita juu ya vichwa vya watu wazima, wakausambaza kwa simu, wakaueleza kwa video fupi fupi za TikTok kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani, kifungu baada ya kifungu, mpaka muuza mboga sokoni akajua kodi gani inakuja kwenye mkate. Nilimwona kijana wa bodaboda, kituoni, akisoma ukurasa wa PDF kwa kidole, akirudi nyuma, akiuliza maana ya neno. Watu hao waliingia barabarani, tarehe 25 wakaingia hadi bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada ule. Hakuna ukurasa wa Fahrenheit 451 unaoweza kulipokea tukio hilo. Katika riwaya, skrini na kusoma ni maadui wasiokaa nyumba moja. Hapa vilikaa kiganja kimoja.

Hilo halimaanishi kwamba Bradbury ameshindwa kabisa, maana baada ya mitaa kutulia baadhi ya vijana hao walitekwa na watu wasiojitambulisha, na ninawafahamu wengine ambao usiku walizima simu zao na kuzifunga kwenye karatasi ya aluminiamu ya jikoni, kwa hofu ya kufuatwa nazo. Nilimkumbuka yule Mbwa wa mashine mwenye miguu minane anayemfuata Montag kwa harufu, huku watazamaji mji mzima wakiona msako kwenye kuta zao. Montag anavuka mto na kumpotea. Kwa kuwa kipindi hakiwezi kuachwa bila mwisho, Mbwa anamrukia mtu mwingine asiye na hatia aliyekuwa akitembea usiku, na watazamaji wanaambiwa kwamba Montag amekufa. Aliyewahi kuona picha ya mtu asiyehusika ikisambazwa mtandaoni kama mhalifu wa siku, halafu kesho yake kimya, hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo nikikutana na yule msichana wa dirishani nitamwambia kwamba kuta ni zetu, haraka ni yetu, ile mashine ya kusafisha tumbo sijui vizuri lakini naiogopa, na kwamba kiberiti kimebaki hasa kwa mababu zetu. Kuna jambo moja tu ambalo nitashindwa kumweleza kwa dakika tano za ukumbini.

Mwisho wa riwaya, ng'ambo ya mto, Montag anawakuta watu waliokimbilia kando ya reli ya zamani, na kila mmoja amehifadhi kitabu kichwani. Yeye mwenyewe amebeba sehemu ya Mhubiri, kitabu cha Biblia. Kwa Bradbury hiyo ni ngome ya mwisho: hufikii kuyaweka maneno kifuani mwa mtu mpaka maktaba zote ziwe majivu. Msomaji wa pwani hulisoma jambo hilo kwa mshangao kidogo, maana kwake maneno yalianzia hapo. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yalibaki kwa sababu watu wa Mombasa waliendelea kuyasema, mpaka Mwalimu Sikujua na mmisionari William Taylor wakayakusanya kwa maandishi, na diwani ikachapishwa 1940, miaka mia baada ya mshairi kuzikwa. Hao walioyasema hawakuwa wamekimbia moto wowote. Walikuwa wakishona kofia, wakisuka nywele, wakingoja mashua.

Bibi yangu hakuwahi kununua kitabu. Alikuwa akiujua kwa ghibu utenzi ambao Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake mnamo 1858, beti zaidi ya mia moja, alizozipokea kwa shangazi yake. Tuliishi Majengo, katika nyumba ile ya Kiswahili ya vyumba sita ambayo kuta za ndani hazifiki juu, zinaishia chini ya paa, kiasi kwamba chumba kikipika samaki vyote vinajua. Usiku mmoja umeme ulikuwa umekatika, na redio ya mpangaji wa mbele imenyamaza. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka akitusomea, mimi na dada zangu, akafika mahali akakwama. Alirudi ubeti mmoja nyuma, akauchukua kwa kasi kama mtu anayeruka mtaro, akakwama pale pale. Basi akachukua mtawanda wake, kiatu chake cha mbao, akaugonga ukuta mara tatu.

"Somo!"

Upande wa pili sufuria ilikuwa ikisuguliwa kwa mchanga, na haikuacha kusuguliwa. "Umefika wapi?" sauti ikauliza kutoka juu ya ukuta, gizani.

Bibi akausema ubeti wake wa mwisho. Yule mama akaudaka hapo hapo, akausema unaofuata mpaka kina cha mwisho, akakohoa, akarudia sufuria lake, nasi tukaendelea.